Bi Sawasawa na Kengele ya Saa Nne

Mimi ninayeandika nina miaka sabini na miwili. Katika hospitali hii nimewapita Madaktari Wakuu watano, mapaa mawili ya stoo, mashine sita za taipu, jenereta moja iliyofia mikononi mwangu, na tabibu mmoja aliyenipima akasema moyo wangu hautafika sitini. Huyo tabibu nilimzika mimi, tena jeneza nilibeba upande wa mbele. Nayasema haya ili mjue anayeandika si mtu wa kubahatisha.

Bi Sawasawa anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne bila kuchelewa hata siku moja. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo siku anaingia. Pia walitaka kucheka, najua. Waliniambia ukurasa mmoja, mambo mepesi, nisisahau kile kisa cha panya kwenye printa. Nimesahau makusudi. Kuna jambo nimelikalia miaka kumi na mmoja. Likishatoka hapa, huenda Jumatatu nisiwe na funguo za stoo tena.

Shule niliishia darasa la nne. Nimeandika kwa kalamu, dada wa masijala akachapa. Alipofika katikati aliinua uso akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aendelee. Nimemruhusu kunyoosha herufi, maneno asiguse. Na nimempelekea karatasi siku ya mwisho ya kuchapa, kusudi kamati isipate nafasi ya kukata.

Basi tuanze na mstaafu mwenyewe.

Alikuja kama mpiga chapa, msichana mwembamba, viatu vyake vikisikika toka getini. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliifunika kitambaa cha maua wakaiweka pembeni kama kitanda cha wageni. Miezi mitatu hakuna aliyeigusa. Yeye akaifunua, akakaa nayo kila siku baada ya kazi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaifungua na kuifunga kama mtu anayekaanga vitumbua. Zilipoongezeka zikawa kumi, kisha ishirini, kisha thelathini na moja, akaachishwa kuchapa akakabidhiwa zote.

Thelathini na moja, na kila mtu kaipanga ya kwake kama anavyopanga chumbani kwake. Muuguzi wa wodi ya watoto aliweka herufi ndogo kama chawa. Mfamasia aliweka mwezi mbele ya tarehe. Mkunga Mrefu, yule wa leba, aliweka kwenye skrini picha ya mkwewe, na alipoulizwa akasema inamsaidia kuwa macho. Sasa wauguzi wetu ni watu wa kukimbia. Unatoka wodi hii unaingia ile, unakaa kwenye kompyuta isiyo yako, unatafuta pa kuchapia huku mgonjwa anakutazama na pumzi inamwishia. Bi Sawasawa alisema hilo litakuja kuua mtu. Alisema kompyuta zote zifanane, ili atakayekaa kwenye yoyote awe amekaa kwake.

Mwanzoni alizunguka kwa miguu na daftari la bluu lenye jalada gumu, anapanga moja baada ya nyingine. Akifika mlangoni anachungulia, anauliza, "Sawasawa?" na haondoki mpaka ajibiwe. Ndipo jina likamganda. Baadaye akaziunganisha, mipangilio ikawa inasafiri yenyewe. Unapanga moja, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi zote zinafuata. Mimi nilimwambia huo ni uchawi. Akanieleza kwamba ni kama mama anayemsuka binti wa kwanza, na asubuhi wadogo zake wote wakaamka wamesukwa mtindo ule ule. Nikaelewa mara moja. Mimi huelewa upesi.

Na binti wa kwanza alikuwa kompyuta yangu ya stoo. Alichagua stoo kwa sababu kukiharibika kitu huko, watakaoumia ni maboksi ya glovu. Alinichagua mimi kwa sababu aliyoitaja mbele ya kikao kizima, kwamba kama mzee wa stoo ataweza kuitumia, hakuna mtu hospitali hii atakayepotea. Watu walicheka. Mimi niliichukua kama sifa, na hadi leo naichukua hivyo. Tangu siku hiyo nikajiita Mwonjaji. Hakuna mpangilio uliofika kwa Daktari Mkuu bila kupita kwangu kwanza. Niliwaambia hayo majirani, niliwaambia wakwe, nilimwambia hata dereva wa gari la maiti ambaye hakuwa ameuliza.

Kazi ya Mwonjaji ilikuwa hivi. Kila siku saa nne asubuhi ninafungua daftari la bluu. Kuna mambo saba. Herufi zinaonekana. Tarehe ni ya leo. Printa inatoa karatasi. Jina la hospitali lipo juu. Kufuli inafunga. La sita, kengele inalia. La saba, naweka sahihi. Kila moja naiwekea vema. Naye alinionya, tena zaidi ya mara moja, kwamba chochote nitakachogusa pale, kesho yake asubuhi kimewagusa wote. Nilimwambia najua. Ukweli ni kwamba sikuwa nasikiliza, nilikuwa katikati ya kumweleza ile habari ya jeneza.

Kengele yenyewe wengi mnaijua. Leba ina vyumba vinane, na kando ya kila kitanda kuna kitufe. Mama akibonyeza, taa ndogo nyekundu inawaka juu ya mlango wake, na kompyuta zote zinalia, sauti kama kijiko kwenye glasi, ili mkunga popote alipo asikie. Kwa kuwa zote zilikuwa sawa, na ya kwangu ililia. Nahesabu glovu, inalia. Nafika mia mbili na kitu, inalia, narudi mwanzo. Nilimwomba Bi Sawasawa aiondoe kwangu peke yake. Akakataa kwa upole. Alisema akiiondoa moja leo, kesho ataombwa ya pili.

Mimi ni mkaidi, hilo hata marehemu mke wangu alilisema mbele ya shehe. Jumatatu moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, nikakitafuta mwenyewe kile kialama cha spika pembeni ya skrini. Nikakibonyeza. Kikapigwa mstari. Kimya. Nilijipongeza kweli kweli, darasa la nne langu hilo. Nikahesabu glovu zangu mpaka mwisho. Saa nne ilipofika nikaweka vema saba kwenye daftari, na ya sita niliiweka kwa nguvu kuliko zingine.

Jumanne asubuhi, saa mbili na dakika kama tano, nilikuwa nasukuma kitoroli cha pamba kwenye korido ya leba. Kulikuwa kimya. Mnajua korido ile ilivyo, haikai kimya. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni leo wakina mama wamelala salama. Juu ya chumba namba nne taa nyekundu ilikuwa inawaka. Niliiona. Nikajua wakunga wamesikia na wanakuja, maana taa haizimi mpaka mtu aizime kutoka ndani. Nikapita.

Nilishusha pamba, nikaongea kidogo na fundi bomba, nikarudi. Taa bado inawaka. Miguu ilitaka kusimama na mikono ikaendelea kusukuma. Nilikuwa nimeelewa, nami huelewa upesi, lakini nilikuwa sitaki kuelewa. Nikapita mara ya pili.

Hilo sijamwambia mtu. Nilipita mara mbili.

Upande wa pili wa korido Bi Sawasawa alikuwa anakuja na daftari lake. Hata baada ya mashine kuanza kufuatana zenyewe hakuacha kuzunguka kwa miguu. Wakubwa walimcheka kwamba haiamini kazi ya mikono yake. Alisimama. Hakuangalia taa kwanza, alisikiliza. Nilimwona ameinamisha kichwa kama mtu anayemsikilizia mtoto mchanga pumzi. Kisha akaiona taa. Kisha akawatazama wakunga wawili pale mezani kwenye kona, wametulia wanaandika, na kompyuta imewakodolea macho haisemi kitu. Akakimbia. Bi Sawasawa hakuwahi kukimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya korido, na mimi nilikitazama kile kiatu kwa sababu sikuweza kutazama mlango.

Mle ndani alikuwa mke wa fundi viatu wa pale nje ya geti. Alikuwa amejifungua alfajiri salama, wakamwacha apumzike, kisha damu ikaanza kumtoka na haikukatika. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, mzima. Mama alikuwa sakafuni, mkono mmoja juu, kidole bado kwenye kitufe. Mashine ya leba ilikuja kuonyesha hesabu baadaye. Alikibonyeza mara kumi na moja ndani ya dakika kumi na tisa. Aliita mara kumi na moja, na sisi tulikuwa hatua ishirini kutoka kwake, mmoja wetu akifurahia ukimya.

Mkunga Mrefu alifika, daktari akafika, damu ikaletwa mbio. Alipona. Naliandika hili mapema kwa sababu dada wa masijala alipofika hapa aliacha kuchapa mpaka nilipomwambia. Lakini siku ile hatukujua mpaka saa tisa alasiri, na katika maisha yangu yote sijaona siku iliyokuwa ndefu vile.

Nilirudi stoo nikakaa. Nilisikia kengele zikianza kurudi moja moja, kwanza leba, halafu wodi ya watoto, halafu chumba cha dawa, ting, ting, zinakaribia. Alikuwa anapita kwenye kila kompyuta anaiwashia sauti kwa mkono wake na kuijaribu. Mashine thelathini, nikazihesabu zote. Kila moja ilipolia nilijua imebaki hatua kidogo afike kwangu. Nilifikiria polisi. Nilimfikiria fundi viatu, mikono yake ilivyo. Nilifikiria kumwaga unga uzeeni, watu wakisema Mwonjaji kawalisha wenzake sumu.

Akaingia akiwa na kiatu kimoja. Hakunisalimia. Akakaa kwenye kiti changu, akakitazama kile kialama kilichopigwa mstari, akakibonyeza. Ikalia. Akafungua daftari, akaiona vema ya sita. Akaniuliza, pole pole tu:

"Kaka, jana kengele uliisikia?"

Nikasema, "Niliisikia, dada."

Akanitazama. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga. Akafunga daftari akatoka.

Siku ya tatu kikaitwa kikao kwa Daktari Mkuu. Niliitwa na mimi, nikasimama karibu na mlango. Waliniuliza kama mashine ya stoo ilikuwa na kasoro. Nikasema haina. Wakamgeukia Bi Sawasawa, wakataka kujua ni nani aliyezima sauti. Daftari lilikuwa mapajani mwake. Kulifungua tu ilitosha. Akasema, "Mipangilio ya mashine zote ni kazi yangu. Andikeni langu."

Wakaandika lake. Alipewa barua ya onyo kali, iko kwenye faili lake mpaka leo. Mwaka ule alikuwa awe mkuu wa kitengo, kila mtu alilijua hilo. Akaletwa mtu kutoka nje kuwa mkubwa wake, na ni yeye aliyemfundisha mtu huyo kazi, mpaka mahali pa kuwashia. Sikumsikia akinung'unika. Na mimi nilikaa kimya. Mwaka wa kwanza kwa hofu, wa pili kwa aibu, na iliyofuata kwa sababu kimya kikizoeleka kinakuwa kama samani, unakizunguka tu.

Hakuninyang'anya Uonjaji. Hapo ndipo alipozidi kunitisha. Nilingoja aniondoe, hakuniondoa. Ila alibadilisha jambo moja. Tangu wiki ile, kila siku ya kazi saa nne asubuhi, anakwenda chumba namba nne mwenyewe, anaomba radhi kwa mama aliyelala, anabonyeza kitufe mara tatu, taratibu. Kisha anashuka mpaka stoo, anachungulia mlangoni. Hajaniuliza tena kama nimesikia. Anauliza tu, "Sawasawa?" Nami namjibu, na miaka yote hii kumi na mmoja sijaweka vema ya sita bila sikio langu kuisikia.

Ninyi nyote mnaijua kengele hiyo. Mnaiita kengele ya chai. Ikilia mara tatu mnaacha kalamu mnatafuta vikombe. Mfamasia hurekebisha saa yake kwayo. Nimewasikia wageni wakiambiwa kwamba hospitali yetu ina utaratibu mzuri, hata chai ina kengele. Hakuna kengele ya chai hapa. Haijawahi kuwepo. Ile ni kengele ya mke wa fundi viatu.

Sasa mtaniuliza kwa nini niyatoe leo, kwenye karatasi ya sherehe, watu wamevaa vizuri. Mwezi huu limebandikwa tangazo. Kuanzia Jumatatu mipangilio ya kompyuta zote itakuwa inatoka mbali, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona korido yetu. Itatua kwenye mashine zote kwa mpigo, bila mwonjaji. Na kengele ya saa nne inakoma, kwa kuwa inasumbua wagonjwa na chai kila mtu anaweza kunywa kwa saa yake. Wiki iliyopita kwenye mkutano Daktari Mkuu huyu mpya, binti mwenye adabu sana, alimuuliza Bi Sawasawa kama kengele ile ina sababu yoyote ya kuendelea. Niliona midomo yake inafunguka. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nimekaa nyuma karibu na ndoo. Kisha akasema, "Ni mazoea tu."

Mnaelewa alichofanya. Hakuweza kuitetea kengele bila kunitaja mimi. Kwa hiyo akaiacha ife. Kazi aliyoifanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja ili pasiwe na mama mwingine sakafuni, akaiita mazoea kwa ajili ya mzee mmoja muongo. Tangu mkutano ule silali vizuri. Mchana nikiwa stoo, kukikaa kimya kidogo tu, naacha nilichoshika naenda kuchungulia leba kama taa inawaka. Wakunga wananicheka kwamba natafuta mke. Jumatatu mtu aliye mbali atagusa kialama kimoja kwa sababu zake, kompyuta zote thelathini na moja zitanyamaza, na kila mtu atadhani wakina mama wamelala salama. Nakijua kimya hicho kilivyo kitamu. Nilikifurahia.

Basi naomba, na sijazoea kuomba. Ile barua ya onyo itolewe kwenye faili la Bi Sawasawa iwekwe kwenye langu, tena iandikwe upya kwa jina langu, na cheo alichonyimwa yeye kwa kosa langu kisemwe hadharani Ijumaa akiwa amekaa mbele. La pili, kengele ya saa nne isiguswe. Mashine zipangwe kutoka popote wanapotaka, mwezini wakipenda, lakini saa nne mtu abonyeze kitufe cha chumba namba nne na mtu mwingine asikie kwa masikio yake. Mimi nipo. Mkininyang'anya funguo za stoo, niachieni kitufe. Nitakuja kutoka nyumbani kwa miguu yangu, ambayo bado inafika mahali vijana wanakokwenda kwa pikipiki.

Bi Sawasawa, dada yangu, sikuisikia. Jibu limechelewa miaka kumi na mmoja, lipokee hivyo hivyo. Hospitali inakushukuru kwa kila muuguzi aliyekaa kwenye kiti kisicho chake akajiona yuko kwake. Mimi nakushukuru kwa lile uliloliacha mapajani bila kulifungua. Nenda kapumzike, asubuhi zako ziwe ndefu, chai yako unywe saa yoyote uitakayo, na kila utakapoita, mtu asikie mara ya kwanza.

Wa kunithibitisha wapo. Mkunga Mrefu aliingia chumba namba nne wa pili, nyuma ya Bi Sawasawa, na kiatu cha korido ni yeye aliyekiokota. Mashine ya leba bado inayo ile mibonyezo kumi na moja, na dakika zake. Daftari la bluu liko kwenye droo ya juu stoo, na vema ya sita ya Jumatatu ile imekandamizwa mpaka imetoboa karatasi. Mke wa fundi viatu atakuwepo Ijumaa, amealikwa, mstari wa tatu, pamoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mtoto hajui lolote, mwacheni anywe soda yake. Kwa mama yake nitakwenda mimi mwenyewe kabla sherehe haijaanza.

Bi Sawasawa msimwulize. Atawaambia ni mazoea tu.